Ultrasaundi ya mkononi katika chumba cha dayalisisi: tathmini baada ya miezi 14

Mimi ni muuguzi wa dayalisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine figo zinaposhindwa, jijini Kampala, na kwa miezi 14 sasa nimekuwa nikitumia kifaa kidogo cha ultrasaundi, kile cha kushikwa mkononi na kuunganishwa kwa waya na tableti, kuchunguza maji yaliyozidi mwilini mwa wagonjwa wa figo wakiwa palepale kitandani. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wa vitengo vingine ambao wameanza kuulizwa na wakubwa wao kama kifaa cha namna hii kinastahili kununuliwa. Sitaitaja chapa ya kifaa chetu, kwa kuwa mengi nitakayoyasema, mazuri kwa mabaya, yanahusu aina nzima ya vifaa hivi, na kwa kuwa sijatumia vya kampuni nyingine kwa muda wa kutosha kuvilinganisha kwa haki.

Asiyefanya kazi hii huenda akashangaa kusikia kwamba jambo gumu kuliko yote katika dayalisisi ni kujua maji kiasi gani yatolewe. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa hana njia ya kutoa maji anayoyaingiza. Chai ya asubuhi, uji, obushera (kinywaji cha nafaka), mchuzi wa karanga na tikiti maji vyote humbakia mwilini mpaka siku ya kuja kwetu, na chumvi humwongezea kiu juu ya kiu. Akifika tunampandisha kwenye mizani, tunaondoa uzito mkavu ulioandikwa katika faili lake, na kinachobaki ndicho kiasi tunachoiagiza mashine ivute, kwa maana lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hesabu hiyo ni nyepesi. Uzito wote wa kazi uko kwenye ile tarakimu ya uzito mkavu, yaani uzito ambao mgonjwa angekuwa nao kama asingebeba maji ya ziada, kwa sababu hakuna mizani inayoweza kuisoma. Huwa tunaikadiria kwa kutazama presha, miguu, mishipa ya shingo, namna anavyopumua na maneno yake mwenyewe, kisha tunaiandika kwa wino, na ikishaandikwa kwa wino watu huizoea.

Nieleze kisa kilichonifanya nikiheshimu kifaa hiki. Tuna mzee mmoja, dereva mstaafu aliyeendesha malori ya Mombasa, Kampala hadi Juba kwa miaka mingi. Uzito wake mkavu ulikuwa kilo 64, na kila aliposhuka kitandani mizani ilisoma 64 au pungufu kidogo, hivyo kila mmoja wetu kwa zamu yake aliandika kwamba hali yake ni shwari. Presha yake ilikuwa juu, na dawa ziliongezwa mara mbili. Miguu haikuvimba, na nilipomwekea stetoskopu mgongoni sikusikia mkwaruzo wowote. Wiki ile tuliyoanza kutumia kifaa nilimwambia, “Mzee, leo naomba nitazame mapafu yako kwa picha.” Akanijibu, “Tazama tu, mwanangu, leo usukani umeushika wewe.” Nilipoweka proba, yaani kichwa cha kifaa kinachogusa ngozi, chini ya kwapa la kulia, kioo kilijaa michirizi myeupe iliyoteremka kutoka juu hadi chini, ikisogea huku na huku kwa kila pumzi kama mvua inayokuja kutoka ziwani. Upande wa kushoto ulikuwa vilevile. Mtu huyu ambaye mizani yetu ilimwita mkavu alikuwa na mapafu yaliyolowa.

Tulipomkalisha na kumuuliza vizuri, ilidhihirika kwamba tangu homa aliyoipata miezi miwili nyuma alikuwa hali chakula cha kutosha. Mapaja yalikuwa yamepungua, mabega yametokeza mifupa, na shati lililokuwa likimkaa vyema sasa lilikuwa likimwelea. Kilo za nyama alizozipoteza zilikuwa zimejazwa na kilo za maji, na kwa kuwa mizani haitofautishi nyama na maji, ilituonyesha tarakimu ileile wiki baada ya wiki. Daktari aliagiza uzito mkavu ushushwe kwa nusu kilo kila awamu, tukisimama pale alipochoka, na baada ya wiki tano alikuwa amefika kilo 60.5, presha imeshuka, na dawa mojawapo kati ya zile zilizoongezwa imeondolewa. Zile dawa zilikuwa zikipambana na maji, na maji hayaondoki kwa vidonge kwa mtu asiyekojoa.

Sasa nirudi kwenye kifaa chenyewe. Kinatosha kwenye kiganja, kina uzito wa kukaribia ule wa simu kubwa, na badala ya fuwele zinazotumika katika proba za kawaida, chetu kina chipu inayokiwezesha kutazama mapafu, moyo na tumbo bila kubadilisha proba. Hakitoi mionzi, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuchunguzwa kila anapokuja, hata mara mbili kwa siku moja, jambo ambalo hatungependa kulifanya kwa eksirei. Kinafanya kazi kwa sauti ambayo sikio halisikii, ya megahezi 2 hadi 5 kwa kazi yetu, na hapo ndipo ulipo ufundi wake: sauti hiyo haipenyi hewa. Pafu zima limejaa hewa, kwa hiyo linairudisha sauti yote, na kwenye kioo unaona mstari mmoja mweupe wa utando wa pafu ukiteleza chini ya mbavu, na chini yake mistari ya mlalo inayojirudia kwa nafasi sawa, ambayo huitwa mistari A. Maji yanapoanza kujikusanya katika kuta nyembamba zinazogawa vijumba vya hewa, picha hubadilika. Hutokea mistari ya wima, na hiyo ndiyo mistari B.

Mstari B wa kweli una tabia zake, na anayejifunza azishike zote kwa pamoja. Unaanzia kwenye mstari wa utando wa pafu wala si juu yake, unashuka hadi mwisho wa kioo bila kufifia, unaifuta mistari A unapopita, na unasogea pamoja na pumzi. Ukihesabu mitatu au zaidi katika nafasi moja kati ya mbavu mbili, hapo si salama. Watafiti wengi wa wagonjwa wa dayalisisi huchunguza sehemu 28 za kifua na kujumlisha mistari yote, lakini sisi tumechagua njia fupi ya sehemu 8, mbili mbele na mbili ubavuni kwa kila upande, ambayo hunichukua dakika tatu au nne wakati mwenzangu akiandaa mashine. Mgonjwa alale kwa mkao uleule kila mara, kwa kuwa akikaa wima leo na kulala chali kesho hesabu haziwezi kulinganishwa. Pia zimeni ile mipangilio ya programu inayolainisha picha, kwani mistari B ni kivuli cha sauti, na programu iliyotengenezwa ili kusafisha vivuli itaifuta pamoja na uchafu mwingine. Mwezi wa kwanza sikulijua hilo, na nina hakika kuna wagonjwa niliowaandika wakavu ilhali hawakuwa hivyo.

Je, haya yote yana msingi wa kisayansi au ni mapenzi ya kitu kipya? Msingi upo, ingawa si mpana kama wauzaji wanavyosema. Daktari Daniel Lichtenstein wa Ufaransa na wenzake walieleza mwaka 1997 jinsi mistari hii inavyoashiria maji katika mapafu, wakati ambapo wengi waliamini kwamba ultrasaundi haina la kusema juu ya kiungo kilichojaa hewa. Kwa upande wa figo, kundi la Carmine Zoccali wa Italia lilichapisha mwaka 2013 matokeo ya wagonjwa 392 wa dayalisisi, na wale waliokuwa na mistari mingi sana walikufa zaidi na kupata matatizo ya moyo zaidi kuliko waliokuwa na michache, hata pale ambapo hawakuwa na dalili. Mwaka 2016 watafiti hao walionyesha kwamba mkwaruzo unaosikika kwa stetoskopu na uvimbe wa miguu haviakisi vizuri maji yaliyomo mapafuni, na mimi niliyemsikiliza yule mzee mgongoni bila kusikia kitu sikuhitaji kushawishiwa. Huko Ugiriki, mwaka 2019, Charalampos Loutradis na wenzake walishusha uzito mkavu wa wagonjwa wenye presha ya juu wakiongozwa na picha za mapafu, na presha yao iliyopimwa kwa saa 48 mfululizo ikashuka kuliko ya wale walioachwa na utaratibu wa kawaida.

Hata hivyo utafiti mkubwa wa kulinganisha matibabu yanayoongozwa na picha hizi na yale ya kawaida, uliopewa jina LUST na kuchapishwa mwaka 2021, uliowafuata wagonjwa 363 wenye hatari kubwa ya moyo katika nchi kadhaa, haukupata tofauti ya kutosha katika lengo lake kuu, ambalo lilijumuisha vifo, mshtuko wa moyo na moyo kushindwa kazi. Mistari ilipungua, mapafu yalikauka, na uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba vipindi vya kujirudia vya moyo kushindwa vilikuwa vichache kwa walioongozwa na ultrasaundi. Lakini anayewaambia kwamba kifaa hiki kimethibitishwa kurefusha maisha ya mgonjwa wa dayalisisi anawaambia kisichokuwapo. Mimi nakitetea kwa sababu nyingine. Kinatufanya tuirudie ile tarakimu tuliyokuwa tumeizoea, na kinaturuhusu kuibadilisha kwa ushahidi unaoonekana badala ya mabishano ya zamu moja na nyingine.

Ushahidi huo hauelekei upande mmoja tu. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kifaa ni kutafuta maji yaliyojificha, ilhali kwa hesabu ya daftari letu kimetusaidia takriban kwa kiwango kilekile kuwaokoa wagonjwa tusiwavute kupita kiasi. Mama mmoja kutoka Bunia, Kongo, anayeuza vitenge hapa mjini, alikuwa na miguu iliyovimba hadi vifundoni, na kila zamu ilimwongezea kiasi cha kuvuta. Kila saa ya tatu misuli ya vigimbi vya miguu ilimkakamaa hadi analia, mashine inasimamishwa, anarudishiwa maji ya chumvi, na wiki inayofuata mzunguko unaanza upya. Nilipomchunguza, sehemu zote 8 za mapafu zilikuwa na mistari A safi, na mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni kutoka tumboni ulikuwa mwembamba na ukijifunga karibu wote kila alipovuta pumzi. Nilimgeuzia kioo. Akatazama kwa muda, akaniuliza, “Sasa muganga, kama mapafu iko safi, hii ya miguu inatoka wapi?” Lilikuwa swali sahihi kabisa, na kwa muda wote ule hakuna kati yetu aliyekuwa ameliuliza. Daktari alipolipitia faili lake aliona kwamba alikuwa akimeza amlodipini kwa kipimo cha juu, dawa ya presha inayojulikana kwa kuvimbisha vifundo vya miguu. Dawa ilibadilishwa, uzito mkavu ukapandishwa kwa kilo moja, na yule mama sasa anamaliza saa zake nne akisinzia.

Huo mshipa, vena kava ya chini, ndio kipimo chetu cha pili, lakini naupa alama za chini kuliko mapafu. Unaupata chini ya kifua, nyuma ya ini, na unaupima sentimita moja au mbili kabla haujaingia moyoni. Ukiwa hauzidi sentimita 2.1 na ukajifunga zaidi ya nusu mgonjwa anapovuta hewa kwa pua kwa nguvu, shinikizo la upande wa kulia wa moyo liko chini. Ukiwa mpana kuliko hapo na haujifungi, liko juu. Maneno hayo yanaeleweka haraka darasani, lakini kitandani yana mitego mingi. Mwenye ugonjwa wa upande wa kulia wa moyo atakuwa na mshipa mpana hata akiwa hana maji ya ziada, mwenye gesi tumboni hatakuonyesha mshipa wowote, na mgonjwa aliyechoka hawezi kuvuta hewa kwa nguvu ile ile kila mara. Pia msiupime mara tu dayalisisi inapokwisha, kwa kuwa mashine imevuta maji kutoka kwenye damu na yale yaliyoko katika tishu bado yanarudi taratibu kujaza pengo; mshipa utaonekana mtupu, na baada ya saa moja au mbili utakuwa na sura nyingine. Mapafu hayana tatizo hilo kwa kiwango hicho, mistari B hupungua papo hapo kadiri maji yanavyotoka.

Ipo njia ya kisasa zaidi, iliyoelezwa mwaka 2020 na William Beaubien-Souligny na wenzake wa Montréal, Kanada, inayoongeza juu ya mshipa huo mtiririko wa damu katika mishipa ya ini na ya figo ili kupima msongamano. Ni njia nzuri, lakini inahitaji Dopla ya mapigo, namna ya ultrasaundi inayopima mwendo wa damu, na kifaa chetu kina Dopla ya rangi peke yake. Anayenunua kwa nia hiyo aulize kwanza.

Siwezi kusifu bila kueleza pia siku tuliyokosea. Alikuja kijana mwembamba, na juu ya kifua upande wa kulia nilihesabu mistari minne. Nilikuwa na haraka, wagonjwa wawili walikuwa wakisubiri vitanda, nikaripoti kwamba mapafu yana maji, na ikaamuliwa avutwe mililita 700 zaidi ya kawaida yake. Saa ya tatu presha yake ilishuka ghafla, macho yakapinduka, jasho baridi likamtoka; tulimlaza chali, tukainua miguu, tukamrudishia maji ya chumvi, na kwa neema ya Mungu akazinduka. Baadaye, nilipolifungua faili lake ukurasa kwa ukurasa, nikakuta eksirei ya zamani yenye kovu la kifua kikuu mahali palepale nilipoiona mistari. Makovu, nimonia na magonjwa ya kukakamaa kwa mapafu yote hutoa mistari B, na katika nchi yetu ambako kifua kikuu kimepita katika vifua vingi, hilo si jambo la pembeni. Maji ya ziada kwa kawaida hutokea pande zote mbili, kwa ulinganifu, na utando wa pafu hubaki laini. Kovu hukaa upande mmoja, mahali pamoja, na utando wake huonekana umekwaruzika. Tangu siku ile hatuongezi hata mililita moja kwa sababu ya picha ya upande mmoja, na kila mgonjwa mpya huchunguzwa mara ya kwanza akiwa tayari amefikia hali nzuri, ili tujue mapafu yake yanaonekanaje yakiwa makavu.

Kuhusu ubora wa kifaa kama chombo cha kazi, nina malalamiko kadhaa. Kinapata moto. Baada ya wagonjwa watano au sita mfululizo hutoa onyo na kujizima, na inabidi ukiache kipoe wakati mgonjwa wa saba amekwisha kuvua shati. Betri inatutosha kwa zamu moja endapo ilijazwa usiku, lakini umeme ukikatika usiku, asubuhi tunaanza bila kifaa, kwa sababu jenereta imewekewa mashine za dayalisisi na mtambo wa maji kwanza, kama inavyopasa. Waya ulikatika ndani mwezi wa tisa, pale unapoingia kwenye proba, na muuzaji alichukua wiki sita kuurudisha, bila kutupa kifaa cha kutumia kwa muda huo. Katika wiki hizo sita nilitambua ni kiasi gani tulikuwa tumekizoea, na pia kwamba tusingepaswa kununua bila mkataba unaotaja muda wa matengenezo.

Programu yake ndiyo inayonikera zaidi. Kila baada ya muda hudai uingie upya kwa intaneti, na isipopata mtandao haifungui picha hata kama mgonjwa anahema. Picha huhifadhiwa kwenye seva zilizoko nje ya nchi, na ikiwa hukubadilisha mpangilio huenda zenyewe pamoja na jina la mgonjwa. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa zenye ulinzi maalumu, kwa hiyo sisi huandika namba ya faili pekee, kamwe si jina, na mgonjwa huombwa ridhaa yake. Kitengo chochote kitakachonunua kifaa kifanye hivyo tangu siku ya kwanza.

Usafi nao usichukuliwe kirahisi, maana katika chumba cha dayalisisi damu iko karibu na wagonjwa wenye virusi vya homa ya ini aina ya B hutengwa kwa sababu nzuri. Jeli inayopakwa ngozini ifutwe kwanza, kisha proba ipanguswe kwa dawa iliyoidhinishwa na mtengenezaji, kwa kuwa dawa iliyo kali kupita kiasi hupasua mpira wa mbele. Inachukua dakika mbili kwa kila mgonjwa, na anayepanga ratiba azihesabu dakika hizo.

Bei ya vifaa vya namna hii huanzia karibu dola 2,000 na baadhi hupita 5,000, kabla ya usafirishaji na ushuru, na baadhi ya kampuni hudai ada ya kila mwaka ambayo usipoilipa baadhi ya huduma hufungwa. Tulipokuwa tukiamua, tulifikiria pia mashine za kupima maji kwa mkondo mdogo wa umeme unaopitishwa mwilini. Hizo hutoa tarakimu bila kutegemea jicho la mtu, jambo ambalo ni faida kubwa, ila zinahitaji elektrodi za kubandika kwa kila kipimo, na hukuambia maji ni kiasi gani bila kukuambia yako wapi. Lita moja iliyoko miguuni na lita moja iliyoko mapafuni si hatari sawa. Ultrasaundi inahitaji jeli na mikono iliyofundishwa tu, na kwa bajeti yetu hilo ndilo lililoamua.

Mikono iliyofundishwa, nasisitiza. Mapafu ni rahisi kujifunza kuliko moyo, na katika ule utafiti wa LUST madaktari wa figo walifundishwa kusoma mistari B kupitia intaneti na wakafanya vizuri. Hapa Kampala tuna bahati ya kuwa na taasisi ya ECUREI iliyoko Mengo, ambayo imewafundisha wataalamu wa ultrasaundi kwa miaka mingi, na fundi wa picha anayekaa nanyi kitandani kwa siku chache atawafaa kuliko video kumi. Kitengo kiwe na watu wasiopungua wawili wanaojua, na mwanzoni wote wawili wamchunguze mgonjwa mmoja kila mmoja kivyake kisha walinganishe hesabu. Mimi na mwenzangu tulitofautiana sana wiki za kwanza. Tulipokubaliana ni wapi hasa pa kuweka proba, tofauti zilipungua.

Kuna jambo moja ambalo kifaa hakiwezi, na linaniuma. Wagonjwa wetu wengi huja mara mbili kwa wiki badala ya tatu, na wapo wanaokuja mara moja kwa sababu fedha za nauli na za kipindi hazikutimia, hasa wanaosafiri kutoka mbali kuja Kampala kwa kuwa mikoani huduma ni chache. Mtu wa kilo 55 akiletwa na kilo 5 za maji, siwezi kuzivuta zote kwa saa nne. Kuvuta zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa kumehusishwa na vifo zaidi, na kwa mtu huyo kikomo hicho ni karibu lita 2.9 tu kwa kipindi kizima. Kioo kitanionyesha mapafu yaliyojaa, nami nitakuwa najua waziwazi kwamba anarudi nyumbani na maji. Kitengo kisichoweza kurefusha kipindi au kumpa mgonjwa kama huyo siku ya ziada kitafute kwanza njia ya kufanya hivyo, halafu ndipo kinunue kifaa, maana picha isiyofuatwa na hatua haimsaidii mgonjwa hata kidogo.

Kwa upande wa wagonjwa, sikutarajia kwamba wangekipenda hivi. Wengi huomba wageuziwe kioo, na wapo wanaoniuliza kabla hata ya kusalimiana, “Sista, mistari yangu mingapi leo?” Tulikuwa tukiwahubiria juu ya chumvi kila siku, iwe ya dukani au ya Ziwa Katwe, nao wakiitikia kwa heshima bila kubadili kitu. Mwanamke mmoja aliyeiona mistari yake ikipungua kati ya saa ya kwanza na ya nne, kifua kilekile, proba ileile, alimwita binti yake aje ashuhudie, na tangu hapo binti ndiye anayepika mchuzi wake kando, usio na chumvi.

Yule mzee dereva ameanza kula tena. Mwezi uliopita mizani ilipanda, na kwa mazoea ya zamani tungesema kwamba ameleta maji na tungeyavuta hadi kwenye 60.5. Nilimchunguza sehemu zote 8 na kupata mistari miwili tu, mmoja kila upande. Mapaja yake yamejaa na shati linamkaa. Daktari aliupandisha uzito mkavu hadi kilo 61.5, nami nikaandika tarehe kando ya tarakimu hiyo, kwa penseli, pamoja na siku ya kuipima upya.